Kabla Shule Hazijafunguliwa: Mambo ya Kuandaa ili Mtoto Asikose wala Asichelewe

Wazazi wengi huanza maandalizi na begi, viatu na madaftari. Hivyo vinanunulika hata siku moja kabla. Usingizi haununuliki, na ndio unaopaswa kuanza nao, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Likizoni watoto hulala saa nne au saa tano usiku na kuamka jua limeshapanda. Ukingoja usiku wa kuamkia siku ya kwanza ndipo umwambie alale mapema, atageukageuka kitandani hadi muda ule ule aliouzoea, kisha asubuhi muanze kuvutana. Mrudishe taratibu: dakika 15 mapema zaidi kila baada ya siku moja au mbili, na kuamka kufuate mwendo huo huo. Siku za mapumziko nazo zisiharibu kazi yote.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani unasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 5 saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Piga hesabu kwa kuanzia mwisho. Anayetakiwa kuamka saa 12 asubuhi na kuhitaji saa 10 za usingizi awe ameshalala saa 2 usiku. Nasema ameshalala, maana saa 2 ikimkuta ndiyo kwanza anaingia kuoga, hesabu imeshavunjika. Simu na televisheni zizimwe saa nzima kabla, kwa kuwa mwanga wake huuchelewesha mwili kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi.

Jambo la pili ni kalenda ya muhula. Iombe mapema, kisha kaa nayo na watu wote wa nyumbani. Weka alama siku za kufungua, za mitihani na za mapumziko, ndipo mpange safari, kliniki na shughuli za ukoo kuzizunguka. Huku ndiko siku nyingi zinakopotea bila mtu kujua. Mifumo mingi ya elimu humhesabu mtoto kuwa hatarini akikosa asilimia 10 ya siku za shule. Kwa mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18, na kwa miezi tisa ya masomo ni siku mbili tu kila mwezi. Leo kaenda kwa daktari wa meno, Ijumaa ijayo mmesafiri mapema kukwepa foleni, mwezi unaofuata mvua imenyesha mkaona apumzike. Kila siku ina sababu yake nzuri na hakuna anayejiona mzembe. Lakini ruhusa ya mwalimu haimrudishii mtoto somo lililofundishwa siku ile, na katika madarasa ya mwanzo, ambako kusoma na hesabu hujengwa juu ya kile cha jana, pengo dogo huonekana upesi.

Kuchelewa nako kuna hesabu yake. Dakika 10 kila siku kwa siku 180 ni saa 30. Hata hivyo mimi naona hasara kubwa iko kwingine. Mtazame mtoto wa darasa la kwanza anayeingia wenzake wakiwa katikati ya kusoma silabi. Anasimama mlangoni, macho yote yanamgeukia. Anafika kwenye nafasi yake, anafungua begi, anatafuta penseli, anamnong'oneza jirani amwonyeshe ukurasa. Akishaupata, darasa limeshahamia zoezi lingine. Amechelewa dakika 10 lakini amepoteza somo zima, na jirani yake amepoteza kipande. Mtoto wa umri huo hajipeleki shule. Anayechelewa kwa kweli ni mtu mzima, kwa hiyo maandalizi ni yetu.

Asubuhi huandaliwa jioni. Nguo zitandikwe, soksi zote mbili zionekane, kazi ya nyumbani irudi ndani ya begi, karatasi ya kusainiwa isainiwe, na begi likae mahali pamoja karibu na mlango. Mtoto wa miaka sita anaweza kufanya mengi ya haya mwenyewe ukimsimamia wiki chache za mwanzo. Kama bado hajui kusoma, mchoreeni picha za hatua zake na mzibandike ukutani: kuamka, kunawa, kuvaa, kula, kupiga mswaki, viatu, begi. Basi badala ya kumsukuma kwa maneno, unamuuliza picha inayofuata ni ipi.

Kisha fanyeni jaribio kabla ya siku yenyewe. Amkeni kama siku ya shule, mvae, mle, mtoke mpaka getini, na mtazame saa. Acha mtoto afunge viatu mwenyewe kwa mwendo wake, kwa sababu hapo ndipo makadirio ya watu wazima huanguka. Muda mlioupata ongezeni robo saa ya dharura. Saa ya kuishika kichwani iwe ya kutoka mlangoni, si ya kengele kulia. Na ijulikane nani anasimamia asubuhi. Wakiwa wawili bila kupangiana, kila mmoja hudhani mwenzake ameshakagua begi.

Amueni mapema pia kuhusu ugonjwa, kwa sababu saa 12 asubuhi hakuna anayeamua vizuri. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, abaki nyumbani hadi ipite saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Akitapika au kuhara, asirudi kabla ya saa 24 tangu mara ya mwisho. Shule nyingine hutaka 48, hivyo ulizeni utaratibu wa kwenu. Mafua mepesi bila homa, mtoto akiwa mchangamfu, kwa kawaida hayamzuii kwenda.

Yapo maumivu ya tumbo yanayokuja Jumapili jioni na kuisha Jumatatu mchana. Tafadhali usiyaite uongo. Hofu humuumiza mtoto tumbo kweli. Kwanza daktari ahakikishe hakuna ugonjwa, halafu mchunguze kwa maswali madogo: unakaa na nani? Wakati wa mapumziko unacheza wapi? Choo kikoje? Ukiitwa kusoma kwa sauti inakuwaje? Mara nyingi jibu liko hapo, kwa mwenzake anayemwonea au choo anachokiogopa. Nenda kwa mwalimu wa darasa wiki hiyo hiyo. Kumbakiza nyumbani huituliza hofu kwa siku moja na kuikuza kwa siku ya pili, na kila siku anayokosa hufanya kurudi kuwe kugumu zaidi.

Mwisho, tafuteni mtu wa akiba. Mkubaliane kabla na jirani au ndugu atakayempeleka siku ambayo wewe unaumwa au gari limegoma, na jina lake lifike shuleni ili mtoto asikabidhiwe mtu wasiyemjua. Namba ya ofisi ya shule iwe kwenye simu za watu wazima wote wa nyumbani. Mtoto akikosa, toeni taarifa kabla ya majina kuitwa, na jioni hiyo hiyo mwulizeni mwalimu darasa limefika wapi, ili kesho aingie akijua ukurasa.