GMAT ukiwa Arusha au Moshi: acha kwanza mazoea ya kuonyesha njia

Wengi ninaowasaidia kujiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya biashara kama vya MBA, ni watu wa namba: wahasibu, wahandisi, maofisa mikopo. Hesabu zenyewe ni za sekondari, hazimtishi mtu. Kinachowaangusha ni malezi ya mitihani yetu, ambamo ukikosa jibu bado unaambulia maksi za njia. Huku njia haina maksi. Unapimwa kama unajua pa kuishia, basi.

Hatua ya 1: Hakikisha unauhitaji. Soma masharti ya udahili ya kila chuo unachokitaka. Vingi hupokea GRE, mtihani mwingine wa udahili, badala yake, na vingine humsamehe mtihani mwenye uzoefu wa kazi. Usilipe ada kabla ya hapo.

Hatua ya 2: Jipime kabla ya kusoma. Tovuti rasmi, mba.com, inatoa mitihani 2 kamili ya majaribio bure. Fanya mmoja mwanzoni kabisa, hata kama umesahau kila kitu. Wa pili utunze hadi mwishoni. Sehemu ni 3, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, lugha 23, uchambuzi wa takwimu 20. Unachagua mwenyewe uanze na ipi. Alama ni kuanzia 205 hadi 805. Tangu mwaka 2024 muundo ni huu tu, kwa hiyo zile PDF za kurushiana WhatsApp zenye insha, jiometri na kusahihisha sentensi zitakupotezea muda.

Hatua ya 3: Kikokotoo kiweke kabatini. Kwenye hesabu hakiruhusiwi. Kwenye takwimu kipo kwenye skrini. Rudisha mkono kwenye asilimia, uwiano na sehemu.

Hatua ya 4: Jifunze kusema "inatosha". Hapa kaa muda mrefu. Katika sehemu ya takwimu kuna maswali yasiyotaka jibu; yanataka ujue kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata. Mfano nilioutunga:

Mama amenunua maembe na maparachichi sokoni Kilombero. Embe moja shilingi 700, parachichi moja 500. Je, alinunua maembe mangapi?
(1) Alitumia shilingi 4,100.
(2) Alinunua matunda 7.

Karibu kila mtu hukimbilia kusema taarifa zote mbili zinahitajika, maana darasani tuliambiwa visivyojulikana viwili vinadai milinganyo miwili. Sasa angalia ya kwanza peke yake. Matunda hayauzwi nusu. Toa 700 moja moja kutoka 4,100: zinabaki 3,400, 2,700, 2,000, 1,300, 600. Inayogawanyika kwa 500 bila baki ni 2,000 tu. Kwa hiyo ni maembe 3, hakuna namna nyingine. Ya kwanza inatosha. Ya pili peke yake haikuambii kitu, ila lazima uipime kana kwamba hujaiona ya kwanza. Hapo ndipo wajanja wengi huteleza.

Hatua ya 5: Soma Kiingereza cha mabishano. Msamiati mgumu si tatizo kubwa. Chukua makala ya uchumi kila siku, tafuta dai la mwandishi, ushahidi wake, na kile alichokichukulia kuwa kweli bila kukisema. Maswali mengi ya hoja yamejificha hapo pa tatu.

Hatua ya 6: Zoea kuachia swali. Una takriban dakika 2 kwa swali, na huwezi kuliruka bila kujibu. Likikushinda, bahatisha, liwekee alama, songa. Mwisho wa sehemu, muda ukibaki, unaruhusiwa kubadilisha majibu 3. Kuacha maswali ya mwisho bila kujibu kunakugharimu kuliko kubahatisha.

Hatua ya 7: Chagua mahali na siku. Ukifanyia nyumbani kwa njia ya mtandao, chumba kiwe chako peke yako, meza tupu, simu mbali. Chaji laptopu ijae na uwe na bando kwenye mtandao wa pili, maana umeme haupigi hodi ukiondoka. Epuka Jumamosi mchana: msafara wa harusi ukipita na matarumbeta, msimamizi anayekutazama kwa kamera hataelewa. Kama unahofia yote hayo, tafuta nafasi kwenye kituo cha mtihani. Wapo wanaovuka Namanga kwenda kuufanyia Nairobi. Hapo pasipoti ni lazima, na jina ulilojisajilia lifanane nayo herufi kwa herufi.

Alama za awali utaziona kwenye skrini ukimaliza. Zikikuudhi, unaweza kurudia baada ya siku 16, si zaidi ya mara 5 ndani ya miezi 12. Zikikupendeza, subiri matokeo rasmi: yakitoka una saa 48 za kuyatuma bure kwa vyuo hadi 5, na ukichelewa kila chuo unakilipia.