Kabla ya Kuvua Gwanda: Maandalizi ya Fundi Umeme wa Jeshi Anayekwenda Uraiani

Fundi umeme anayekaribia kuagana na jeshi huwa na hofu moja: je, ujuzi wangu utatosha huko uraiani? Mara nyingi unatosha na chenji inabaki. Kinachowakwamisha wengi ni ushahidi. Mtu amekesha na jenereta miaka kumi, ametandaza kebo kwenye matope gizani, kisha anafika mbele ya mwajiri na barua moja inayosema kwamba ni mwadilifu, mwenye nidhamu na mchapakazi. Barua nzuri, ila haisemi kama anajua kuunganisha mota ya fezi tatu.

Kwa hiyo maandalizi yaanze na daftari, na yaanze ukiwa bado kambini, ikiwezekana mwaka mzima kabla ya siku ya kutoka. Kila kazi iingie humo: tarehe, saa ulizotumia, ulichofanya, volti ngapi, kifaa cha ukubwa gani, nani alisimamia. Kisha huyo msimamizi atie saini. Leo ofisi yake iko milango mitatu kutoka karakana. Ukishatoka, atakuwa amehamishwa au amestaafu, na kumtafuta mtu aliyekuwa na cheo ambaye hana tena ni kazi ya kuchosha. Sehemu nyingi zinazotoa leseni ya umeme huhesabu saa za kazi chini ya usimamizi. Marekani, kwa mfano, mafunzo kazini ya fundi umeme kwa kawaida ni saa 8,000 hivi, yaani karibu miaka minne, na askari wa majini wanaweza kuandikisha saa zao kupitia mpango uitwao USMAP hadi wapate cheti cha Wizara ya Kazi. Kama jeshi lako halina mpango wa aina hiyo, daftari lako lenye saini ndilo mpango wako.

Pamoja na daftari, omba nakala za vyeti vya kila kozi, na muhtasari wa mada zilizofundishwa. Jina la kozi ya kijeshi halimwambii raia chochote. Orodha ya mada inamwambia. Ila usibebe michoro wala miongozo ya mitambo ya jeshi, hata ile unayodhani haina siri. Hiyo si mali yako, na hakuna mwajiri wa maana anayetaka kuiona.

Suala hilo la siri ndilo linalowafanya wengi waandike wasifu mkavu. "Nilikuwa msimamizi wa umeme katika kikosi." Msomaji afanye nini na sentensi hiyo? Linganisha na hii: "Nilitunza jenereta mbili za dizeli za kVA 200 zilizokuwa zikilisha mzigo mmoja kwa pamoja, nilizioanisha, nilipanga matengenezo yake na kuwafundisha mafundi watatu." Hakuna siri iliyotoka hapo. Hukutaja kambi wala mtambo ulikuwa unalisha nini. Umetaja ukubwa, kazi na idadi ya watu, na yeyote aliyewahi kuoanisha jenereta anajua kwamba mtu huyu amekaa mbele ya paneli akisubiri volti, mzunguko (hetsi, yaani mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde) na fezi vikubaliane kabla ya kufunga breka. Cheo nacho kitafsiri. Raia hajui sajenti ana mamlaka gani, lakini anaelewa "niliongoza watu wanane na kuwajibika kwa ghala la vipuri".

Sasa umeme wenyewe. Kanuni za sayansi hazibadiliki ukivuka geti la kambi, ila mazoea yanabadilika, na hapo ndipo fundi mzoefu huteleza kuliko mwanagenzi. Aliyefanya kazi kwenye ndege amezoea volti 115 za hetsi 400, mzunguko uliochaguliwa kwa sababu transfoma na mota zake huwa ndogo na nyepesi. Wa magari ya kivita amezoea mkondo mnyoofu wa volti 24 au 28. Majumbani anakutana na volti 230 za hetsi 50, au 120 za hetsi 60, kutegemea nchi. Wa meli ana mtihani wake. Mifumo mingi ya meli imetengwa na bodi la chombo, hivyo waya mmoja ukigusa chuma taa ya tahadhari inawaka lakini umeme unaendelea, kwa kuwa meli haiwezi kupoteza usukani kwa hitilafu moja. Nyumbani ni kinyume: hitilafu ya kwanza kwenda kwenye ethi inatakiwa ikate umeme papo hapo. Kinga ya miliampea 30 inayolinda soketi, ile inayohisi umeme unaovuja, haikuletei taarifa, inakata. Fundi wa meli anayeiona "inasumbua" na kuiondoa amefanya kosa la kuua mtu. Jambo la kufurahisha ni kwamba vyumba vya upasuaji hutumia mfumo unaofanana na wa meli, kwa sababu ileile, na mafundi wanaouelewa si wengi.

Rangi za nyaya zinastahili jioni nzima ya kusoma. Waya mweusi katika mfumo wa zamani wa Uingereza ni nyutro, njia ya umeme kurudi. Marekani, mweusi ni laivu, waya unaoleta umeme. Katika viwango vya kimataifa vya sasa mweusi ni fezi ya pili, baada ya kahawia na kabla ya kijivu, na nyutro ni bluu. Aliyehudumu na vifaa vilivyotoka nchi tofauti tofauti anajua macho hayatoshi, lakini mkono una kumbukumbu yake na wakati mwingine unatangulia akili. Tafuta kanuni za ufungaji umeme zinazotumika pale unapokusudia kufanyia kazi na uzisome kama ulivyosoma kanuni za bunduki. Zoea pia vipimo vya makabidhiano. Katika viwango vya kimataifa, saketi ya kawaida ya nyumba hupimwa kwa mega (kifaa cha kupima uzima wa ganda la waya) ya volti 500, na ganda la waya lisipofikisha megaomu 1 kazi haijaisha. Jeshini huenda aliyepima alikuwa mwingine na aliyejaza fomu mwingine. Uraiani vyote viwili ni vyako, na jina lililo chini ya fomu ni lako.

Kuna desturi moja ya kujifunza upya mwilini kabisa. Kambini ukizima swichi kuu unaweza kumsimamisha kuruta pale, na hakuna atakayethubutu kumpita. Kiwandani hakuna kuruta. Kila fundi anayeingia kwenye saketi hufunga kufuli lake kwenye swichi iliyozimwa, na lebo yenye jina lake, na ufunguo hukaa mfukoni mwake mwenyewe. Mafundi wanne, makufuli manne. Kisha anapima. Anagusisha testa kwanza mahali anapojua pana umeme, aone inafanya kazi. Anapima saketi iliyozimwa: fezi kwa fezi, fezi kwa nyutro, fezi kwa ethi. Halafu anarudi pale pa kwanza kuhakikisha testa haikufa katikati ya safari. Siku ya usaili wa vitendo, msimamizi anaweza asiulize swali hata moja. Anaangalia kama utarudi pale pa kwanza.

Kuhusu leseni, uliza mapema mamlaka husika inakutaka nini, na upate jibu kwa maandishi. Wakati mwingine saa zako zitakubaliwa zote, wakati mwingine nusu, na wakati mwingine utaambiwa ufanye mtihani kama mwanafunzi. Inauma. Fanya mtihani.

Ushauri wangu mwingine utawashangaza baadhi: usikimbilie kufunga waya za nyumba kwa sababu ndiyo kazi ya umeme inayoonekana. Huko una ushindani mkubwa, na uzoefu wako mwingi unalala. Kituo cha data kinamhitaji mtu anayejua jenereta, betri za akiba na utulivu wa kufanya kazi mambo yanapoharibika saa tisa usiku. Hospitali vilevile. Aliyefanya rada au mawasiliano atajikuta nyumbani kwenye minara ya simu na mitambo ya ishara za reli. Wa betri na nishati ya uwanjani anaingia kwenye sola karibu bila kubisha hodi. Kama jeshi lako linaruhusu askari kufanya kazi kwa mwajiri wa kiraia katika miezi ya mwisho huku akilipwa mshahara wake, kama Wamarekani walivyo na SkillBridge, omba nafasi hiyo mapema.

Kabla ya kurudisha vifaa, pimwa masikio na macho, matokeo yaingie kwenye faili lako. Miaka ya kukaa kando ya jenereta hula usikivu polepole, na madai ya baadaye bila kipimo cha siku ya kutoka ni mabishano matupu. Macho ni kwa ajili ya zile rangi.

Hesabu pia vifaa. Testa, mega, glovu, koleo, vyote vilikuwa vya ghala. Nunua vya kupimia kwanza na ununue vizuri, bisibisi za bei rahisi zitavumilika.

Na kama unataka kujitegemea, fanya zoezi hili ukiwa bado una mshahara. Chukua kazi moja uliyoifanya mwezi uliopita, tuseme kubadilisha paneli ya breka kumi na mbili, uiandikie bei kana kwamba ni ya mteja. Weka nyaya, breka na skrubu. Weka saa za kazi. Sasa ongeza vile ambavyo jeshini hukuviona: safari ya dukani, safari ya pili kwa sababu breka moja haikuwa saizi yake, mafuta ya gari, bima, saa ya kupima na kujaza fomu, na siku utakayoitwa kurudi kwa sababu taa ya jikoni inapepesa. Wengi wanapofika mwisho wa karatasi wanakuta bei imekuwa mara mbili ya ile waliyokuwa wameipanga kichwani.