Pima nguvu ya kimeng'enya cha ADA kabla ya kukitumia

Mzigo wa baridi wa maabara yetu ukifika stendi hapa Tabora kutoka Dar es Salaam, kwanza naugusa barafu. Oktoba moja nilifungua boksi nikakuta maji ya uvuguvugu. Lebo ilikuwa safi kabisa, lakini kimeng'enya kilikuwa kimepoteza nguvu, na mimi nikapoteza wiki nzima nikilaumu sampuli. Tangu hapo napima mwenyewe.

ADA, yaani adenosini diaminasi, huondoa amonia kwenye adenosini ikabaki inosini. Mtoto akizaliwa bila hiyo, limfosaiti zake, yaani chembe nyeupe za kinga, hufa na kinga huporomoka. Ndiyo sababu tiba ya jeni iliyofanyika Marekani mwaka 1990 ilianza na ugonjwa huo. Tunayonunua sisi ni ya binadamu kwa muundo, ila imetengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni yetu. Ni ya utafiti tu, si ya mgonjwa.

Hatua ya 1. Gawa siku ileile. Weka mafungu madogo kwenye vichupa, juu ya barafu, kisha friza. Kuyeyusha na kugandisha tena na tena kunaiua, na umeme ukikatika usifungue friza kuchungulia.

Hatua ya 2. Soma imehifadhiwa ndani ya nini. Ikiwa ni amonia salfeti, usipime kwa njia ya rangi inayotafuta amonia: utapima chumvi, si kazi ya kimeng'enya. Njia ya mwanga, ninayoeleza hapa chini, haina tatizo hilo.

Hatua ya 3. Washa spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na sampuli, weka nanomita 265. Kyuveti, kichupa cha kupimia, iwe ya kwatzi. Ya plastiki ya kawaida huzuia mwanga wa urujuanimno.

Hatua ya 4. Tia mililita 1 ya adenosini ya milimola 0.05 kwa lita kwenye bafa ya fosfeti (maji yanayoshikilia pH), pH 7.5, nyuzi 25. Chumba chetu mchana hupita hapo, kwa hiyo napima asubuhi. Acha dakika mbili bila kimeng'enya, namba ya mwanga uliofyonzwa isitikisike. Ikishuka yenyewe, kyuveti ni chafu.

Hatua ya 5. Ongeza maikrolita 10 za kimeng'enya ulichozimua, geuza taratibu, andika namba kila sekunde 10. Hapa ndipo penye raha: utaiona ikishuka mbele ya macho yako. Tumia dakika ya kwanza pekee, kabla mstari haujapinda. Ukiiacha hadi mwisho, jumla ya mshuko iwe karibu 0.4. Ikipungua sana, tatizo ni adenosini yako.

Hatua ya 6. Gawanya mshuko wa dakika moja kwa 8.1, yaani mshuko wa milimola moja kwa lita ya adenosini ikigeuka yote kuwa inosini. Mshuko wa 0.0405 ni yuniti 0.005 ndani ya kyuveti (yuniti moja hugeuza maikromola moja kwa dakika). Zilitoka kwenye maikrolita 10, kwa hiyo mililita moja ya mchanganyiko uliozimuliwa ina yuniti 0.5, zidisha kwa kiwango ulichozimua: ukizimua mara 100, zidisha kwa 100.

Andika jibu na tarehe kwenye kila kichupa, kwa kalamu isiyofutika kwa maji.