Kujaribu gia za kujikinga kwenye piki, za bei nafuu, hapa Malindi kabla hujatoka nazo safari

Nianze na goti langu. Nilianguka kwenye mchanga mbele kidogo ya Mambrui, spidi yenyewe ndogo tu, 30 hivi, na pedi za magoti nilikuwa nimevaa, zile za plastiki ngumu seti ya vipande vinne, magoti na viwiko. Goti likachubuka vibaya, na pedi nikiitazama haina hata mkwaruzo, manake ilikuwa ishateleza zamani iko kwenye muundi, inaulinda muundi ambao haukuguswa na chochote. Tangu siku hiyo gia ya bei rahisi siulizi kwanza kama ni ngumu, nauliza kama inakaa. Nyingi hazivunjiki, zinahama tu.

Hatua ya 1: helmeti

Hapa ndipo pesa iende. Kama una elfu kumi ya kila kitu basi nusu au zaidi weka kwenye kichwa, hizo nyingine tutazitafutia njia. Na helmeti ya mitumba usinunue hata iwe inang'aa vipi, huwezi kujua ishaanguka mara ngapi. Lile povu gumu la ndani (kama la yale maboksi ya barafu ya samaki) kazi yake ni kubonyea mara moja, likishabonyea haliinuki tena, na ukiwa nje huoni kitu.

Tafuta lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu, sio stika ya nyuma, stika mtu yeyote anachapisha. Kwa kiwango cha Ulaya utaona E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoipasisha, 3 ni Italia, 4 Uholanzi, 9 Uhispania. Chini yake kuna namba ndefu, ikianza na 05 ni kiwango cha 22.05, ikianza na 06 ni 22.06 ambacho ndicho kipya. Alafu tizama herufi baada ya mkwaju (/): P maana yake sehemu ya kidevu inalinda, J haina kidevu, na NP ina kidevu lakini hakihesabiwi kama kinga, hii iko sana kwenye zile za kufunguka mbele, na muuzaji hatakwambia.

Sasa ivae, funga mkanda, mwambie mtu aishike ukingo wa nyuma chini aisukume kuelekea mbele. Ikivuka kichwa rudisha dukani. Mashavu yabanwe mpaka ukitafuna uyaume kidogo kwa ndani. Ukifika nyumbani kaa nayo nusu saa, zima feni kabisa, ukiivua uone kipaji. Alama nyekundu ya duara pahali pamoja ni kwamba umbo sio lako, na kwa jua la huku hiyo alama kwa masaa mawili ni kichwa kukugonga mpaka usahau ulikuwa unaenda wapi.

Hatua ya 2: pedi

Kuna pedi aina mbili. Kuna plastiki ngumu yenye sponji nyembamba ndani, na kuna zile laini zinazokuwa ngumu zikipigwa. Iliyopimwa ina kijipicha cha mtu kwenye piki na maandishi EN 1621-1, kiwango cha Ulaya cha pedi. Herufi zinasema ni ya wapi, S bega, E kiwiko, K goti, H nyonga. Alafu level 1 au 2. Level 1 inaruhusu nguvu inayopita mpaka mwilini isizidi wastani wa kilonyutoni 35, level 2 isizidi 20, kwa hiyo tofauti sio ndogo.

Lakini kwetu sisi wa pwani kuna kialama watu wanakiruka, T+. Hiyo ni kwamba pedi imepimwa pia ikiwa kwenye joto la nyuzi 40. Hizi laini zikipata joto huzidi kulegea, na piki ikisimama juani pale sokoni jaketi liko juu ya siti, 40 sio mchezo. Kama haina T+ bado unaweza kuitumia, ila usiiache juani ukaivaa ikiwa moto.

Jaribio la kuhama: vaa, kaa kwenye piki vile unavyokaa safarini, sio kusimama mbele ya kioo. Kiti cha Boxer, piki ya bodaboda, kinakukunja goti vingine kabisa na piki ndefu ya safari. Chora mstari wa chaki kwenye suruali pembezoni mwa pedi. Simama kwenye vibao vya miguu, kaa, simama, kama mara ishirini, alafu mwambie mtu aivute chini kwa mkono. Ikivuka mstari vidole viwili haifai ivo ilivyo. Mimi dawa yangu ni soksi ndefu za mpira chini ya pedi, jasho haliitelezeshi tena, na mkanda wa chini nauvuta upite juu ya nyama ya muundi isiweze kushuka.

Hatua ya 3: jaketi

Ngozi ya mitumba ni nzuri ukiipata nzima, ikunje mkononi, ikitoa nyufa wachana nayo, na vuta mishono ya mabega na viwiko kwa nguvu bila haya, muuzaji akinuna anune. Wakati wa kaskazi lakini ngozi utaivua tu, na jaketi lililofungwa nyuma ya siti halimlindi mtu. Mimi navaa la wavu, fulana ya ndani nailowesha maji, mpaka geti la Sala la Tsavo Mashariki naenda poa ilimradi sisimami. Mifuko ya pedi kama haiko fundi cherehani anakushonea, ila mikono iwe ya kubana, bega likizunguka ovyo na pedi inazunguka nalo. Juu weka vesti ya rifleta, sheria inaitaka, pamoja na helmeti, na abiria wako vilevile.

Hatua ya 4: glavu na buti

Glavu funga mkanda wa kiganja, mtu azivute kwa ncha za vidole. Zikitoka, hazifai. Buti zipite kifundo cha mguu, na ukiipinda soli kama unakamua nguo isikubali. Ndara hapana, tafadhali, ndugu yangu.

Hatua ya 5: zunguka karibu kwanza

Usianze na safari ndefu ya Garsen. Vuka daraja la Sabaki, kata kushoto uelekee Marafa, nenda taratibu, mistari ya chaki ikiwa bado iko. Simama kila baada ya kama kilomita kumi utizame. Ukirudi suuza chumvi na jasho kwa maji baridi, anika kivulini, zipu zisugue mshumaa manake hewa ya bahari inazila. Pedi yangu mara ya kwanza ilishuka vidole vitatu kabla hata sijafika Marafa, nikarudi nayo kwa fundi viatu akaongeza mkanda wa tatu, shilingi 150.