SOMO: Namna ya kukuza kikundi cha wanafunzi cha kupambana na umaskini kisife mkihitimu

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila vyuo vikifunguliwa napokea ujumbe uleule: "Tumeanzisha kikundi cha kusaidia jamii, tutapataje wafadhili, na tutafunguaje matawi?" Nimejibu hadi nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia uzi huu. Nilikuwa mhazini wa kikundi cha namna hii nikiwa chuoni na sasa ni mlezi wa kingine. Ninayoeleza ni ya Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya wana sheria zao.

Hatua ya 1. Kata moja, kazi moja. Msitangaze kupambana na umaskini duniani kote. Chagueni mahali mnapoweza kufika kwa daladala na kurudi kabla ya giza.

Hatua ya 2. Tafuteni mwenyeji aliyekwisha kuanza. Pigeni hodi kwa mtendaji wa kijiji au mtaa mkiwa na barua ya chuo, kisha kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Yeye ndiye anayejua vikundi vilivyo hai na vilivyobaki majina tu. Anayefaa kuwa mwenza wenu ni mtu ambaye angeendelea na kazi hata msingefika.

Tazameni Kibera, Nairobi. Mwaka 2000 Rye Barcott, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, alikwenda kukaa pale. Alimpa muuguzi Tabitha Festo dola 26, mama yule akafanyia biashara ya mboga, na faida ikazaa kliniki. Mwaka 2001 shirika la Carolina for Kibera lilianzishwa na Barcott, Tabitha Festo na Salim Mohamed. Shirika la SHOFCO, la hapohapo Kibera, nalo lilianzishwa mwaka 2004 na Kennedy Odede, kijana wa Kibera mwenyewe. Jessica Posner, mwanafunzi kutoka Marekani, alipofika alikuta kazi inaendelea, na mwaka 2009 wakafungua shule ya wasichana. Wanafunzi walihitimu wakaondoka, kazi ikabaki kwa kuwa wenyeji ndio walioishika tangu mwanzo.

Hatua ya 3. Usajili. Mkiwa chuoni, inatosha kutambuliwa na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, kuwa na katiba na mlezi mmoja ambaye ni mwajiriwa wa chuo. Kusajili shirika kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 ni jambo la baadaye. Mtachagua ngazi ya wilaya, mkoa au taifa, na tangu marekebisho ya mwaka 2019 cheti hudumu miaka 10. Lakini kila mwaka Msajili atataka taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Kama hamna wa kuandika taarifa hiyo mkiwa kwenye mitihani, msikimbilie cheti.

Hatua ya 4. Pesa. Anzeni na ada za wanachama wenyewe, hata kama ni ndogo. Mfadhili wa kwanza atauliza ninyi mmetoa nini. Akaunti iwe ya kikundi, watia saini watatu, mmoja wao mlezi. Risiti zote zikae kwenye faili la karatasi.

Hatua ya 5. Kazi yenyewe. Kwa kikundi kisicho na mtaji, napendekeza kusaidia vikundi vya kuweka na kukopa. Mfumo huu ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991 chini ya shirika la misaada la CARE, na kwetu umeenea pamoja na VICOBA. Watu 15 hadi 25, kila mkutano mtu ananunua hisa moja hadi tano kwa bei waliyokubaliana, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti. Wanakopeshana, wanachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, na mwisho wa mzunguko, kama mwaka mmoja hivi, wanagawana kila kitu na kuanza upya. Kazi yenu ni kufundisha, kukagua daftari na kuondoka. Pesa yenu haiingii kwenye sanduku lao, KAMWE. Ikiingia, watakopa bila woga na watarejesha bila haraka, maana inayopotea si jasho la jirani.

Pia wasajilini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne, na usajili hupitia halmashauri. Kikundi kilichosajiliwa ndicho chenye mlango wa kuomba mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Hatua ya 6. MAKABIDHIANO. Someni taratibu.

Hapa ndipo kikundi chetu kilipoanguka, na hapa ndipo vingi huangukia. Uongozi mzima ulikuwa wa mwaka wa tatu. Uchaguzi ulifanyika wiki za mwisho za muhula wa pili, watu wanahangaika na ripoti za utafiti, na baada ya mtihani wa mwisho kila mtu akapanda basi. Viongozi wapya waliporudi kutoka likizo walikuta jina la kikundi na fulana. Laini ya simu ya kupokelea michango ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu aliyekwisha kuondoka. Watia saini wawili wa benki walikuwa mikoani. Nywila ya barua pepe hakuna aliyeijua. Lakini lililouma kuliko hayo ni kwamba kina mama wa kikundi kimoja walikuwa wameahidiwa kwamba tutakuwepo siku ya kugawana hisa ili kuhakiki hesabu, na ahadi hiyo haikuandikwa mahali popote. Walingoja siku nzima. Pesa inaweza kutafutwa tena, ila mkirudi kwenye kijiji mlichokiangusha, mnapokelewa kwa adabu tu na hakuna anayewaeleza ukweli wa shida zake.

Kwa hiyo:

Uchaguzi ufanyike mwanzoni mwa muhula wa pili. Viongozi wapya wafanye kazi bega kwa bega na wa zamani muhula wote, pamoja na kwenda kijijini na kutambulishwa kwa majina.

Angalau nusu ya viongozi wawe mwaka wa kwanza na wa pili. Mwenyekiti wa mwaka wa tatu asiwepo kabisa, hata awe hodari namna gani.

Wekeni daftari la makabidhiano, la karatasi, lenye kurasa za AHADI: tuliahidi nini, kwa nani, lini, nani atatimiza. Ukurasa huu usomwe kwa sauti mbele ya wote.

Watia saini benki wabadilishwe KABLA ya mitihani. Benki itataka muhtasari wa kikao na barua ya chuo, na wakati wa mitihani hamtampata wa kuandika wala wa kusaini.

Msipokee michango kwenye laini ya mtu binafsi, hata kwa siku moja, hata kama ni mcha Mungu.

Hatua ya 7. Kufungua matawi. Msifungue tawi chuo kingine kabla ya makabidhiano mawili kupita salama. GiveDirectly, shirika linalowapa maskini fedha mkononi, ilianza na wanafunzi wa uchumi wa shahada za juu, Harvard na MIT, waliokuwa wakitafuta mahali pa kupeleka pesa zao wenyewe. Walianzia Kenya kwa kuwa M-Pesa, iliyozinduliwa mwaka 2007, iliwawezesha kumfikishia mtu fedha moja kwa moja. Mwaka 2011 ndipo wakafungua milango kwa wachangiaji wote, na kazi yao ya Rarieda, magharibi mwa Kenya, ikapimwa na watafiti mapema kabisa, kabla ya kusambaa nchi nyingine. Ukubwa ulikuja baada ya kuthibitisha kijiji kwa kijiji.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

---

kijana_mpambanaji: Mkuu somo zuri. Naomba sampuli ya andiko la mradi la kupata wafadhili, nitumie inboksi.

Mwandishi: Hatua ya 4.

kijana_mpambanaji: Nimeisoma ila haina sampuli.

Mwandishi: Haina kwa sababu huna mradi bado. Umetoa ada? Umefika kwa mtendaji? Ukishakuwa na daftari la muhula mmoja, andiko litajiandika, na nitalipitia bure.

Binti_Mzumbe: Shikamoo. Sisi tulifuata karibu hayo yote, ila tukiitisha mafunzo watu wanauliza posho. Tusipotoa, wanakuja wanne. Tukitoa, wanajaa, na wiki inayofuata hawaonekani. Tunafanyaje?

Mwandishi: Marahaba dada. Swali hili ni la mtu aliyekanyaga vumbi. Kwanza, msiwalaumu. Miaka mingi wameitwa na miradi iliyowalipa wakae, wakasaini, wakapigwa picha, na hakuna kilichobadilika. Posho ndiyo ilikuwa faida pekee waliyoona. Pili, acheni kuitisha. Ulizeni vikundi vinakutana siku gani wenyewe, iwe cha kufa na kuzikana, cha upatu au kwaya, mwende huko, mkae nyuma, msikilize. Tulipofanya hivyo tuliombwa kitu ambacho hatukukiwaza: kuwafundisha wajukuu wao kuandika daftari la hisa. Tatu, wale wanne waliokuja bila posho ndio wenu. Andikeni majina yao. Fanyeni nao kazi mzunguko mmoja mpaka wagawane. Siku ya kugawana, kijiji kizima kitaona fedha zinahesabiwa mezani, na hamtahitaji kuitisha mtu.

Binti_Mzumbe: Asante sana. Wale wanne mmoja wao ni katibu wa kikundi cha kuzikana. Nitaanzia kwake.

Mwandishi: Umeshapata mwenyeji wa hatua ya 2. Nijulishe mkifika nusu ya mzunguko.

mchumi_huru: Kwa heshima, naona mnawafundisha maskini kuweka akiba ambayo hawana. Hao GiveDirectly uliowataja wanagawa fedha. Kwa nini msigawe na nyie?

Mwandishi: Kwa sababu hatuna za kugawa. Anayeweza kumpa maskini fedha mkononi ampe, sina ugomvi naye. Utafiti wa Haushofer na Shapiro kule Rarieda ulionyesha familia zilizopewa zilikula vizuri zaidi na kuongeza mali kama mifugo, wala hazikuongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Ila "hawana" si kweli. Mama muuza mihogo ana shilingi leo na hana kesho. Tatizo lake ni pa kuiweka isiliwe na shida ya jioni.

mchumi_huru: Je, kuna ushahidi kwamba vikoba vinaondoa umaskini?

Mwandishi: Swali zuri, na jibu si la kufurahisha sana. Utafiti uliotolewa mwaka 2017, uliofanyika Ghana, Malawi na Uganda, ulikuta watu walipata huduma za fedha zaidi na wanawake wakawa na sauti zaidi ndani ya nyumba, lakini wastani wa matumizi ya kaya haukupanda kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana siwaambii wanafunzi waandike "tunaondoa umaskini" kwenye fulana. Wanasaidia familia isiuze mbuzi wake mtoto anapougua. Kwangu hilo linatosha kuamka Jumamosi. Ukipata utafiti mwingine ulete hapa, nitausoma.

boss_wa_mjini: Kwa hiyo lazima tusajili NGO kwanza ndio tuanze?

Mwandishi: Hapana. Hatua ya 3, sentensi mbili za kwanza.

boss_wa_mjini: Mbona mkali kaka, si kuuliza tu?

Mwandishi: Si ukali, ndugu. Nimeandika kirefu ili nisirudie. Soma, kisha ukikwama mahali nitakaa nawe.

Mukongo_wa_Bukavu: Mimi niko Kivu ya Kusini. Hao GiveDirectly walikuwa huku kwetu na kuliibiwa pesa mingi. Sasa unawasifu?

Mwandishi: Uko sahihi kulitaja. Mwaka 2022 huko kwenu baadhi ya wafanyakazi wao walishirikiana kuiba karibu dola 900,000 kwa kucheza na laini za simu za walengwa, na shirika lenyewe likatangaza mwaka uliofuata. Fundisho kwa wanafunzi ni lilelile la laini: anayesajili watu asiwe ndiye anayehakiki kama wamepokea. Pole sana kwa waliokosa haki yao.

Mukongo_wa_Bukavu: Aksanti. Huku tuna masanduku pia, tunaita AVEC. Shida yetu ni watu hawajui kusoma, daftari linabaki kwa mtu mmoja.

Mwandishi: Tumieni mihuri. Kila mwanachama ana kijitabu, kila hisa ni muhuri mmoja. Asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake mwenyewe. Nafasi za hisa ambazo hakununua mkutano huo zipigwe mstari papo hapo ili mtu asiongeze muhuri baadaye.

dada_wa_Kisumu: Niongeze. Kwenye chama chetu, kabla ya kufunga sanduku kila mtu anataja kwa sauti salio la mfuko, kisha tunaliuliza tena mkutano unaofuata kabla ya kufungua. Akikosea mmoja wengine wanamrekebisha. Na huku Kenya siku hizi vikundi vinasajiliwa kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, mwende ofisi ya maendeleo ya jamii.

Mwandishi: Asante dada, hilo la kutaja salio wote waige. Nanyi mihuri mnatumia wino gani? Wetu ulifutika mvua ilipoingia kwenye sanduku.

dada_wa_Kisumu: Wino wa mafuta, ule wa posta. Na vijitabu viwe ndani ya mfuko wa plastiki, kila mmoja na wake.