Tengeneza kiolezo cha skili mara moja, ejenti wako wa AI aache kuuliza yaleyale

Kama kila asubuhi unamwelezea ejenti, yaani programu ya AI inayokufanyia kazi, kazi ileile upya, muandikie skili. Skili ni folda tu, ndani yake kuna faili ya maelekezo ya kazi inaitwa SKILL.md. Kampuni ya Anthropic walizileta kwenye AI yao ya Claude Oktoba 2025, Desemba wakaufanya utaratibu uwe wazi kwa wote, ndo maana folda hiyohiyo inaweza kutumika hata na maejenti wa kampuni zingine.

Anza na folda ya kiolezo ambayo utakuwa unaikopi. Kwenye SKILL.md mstari wa kwanza kabisa weka vistari vitatu (---), chini yake name (jina la skili), inafuata description (maelezo yake), afu vistari vitatu tena. Name ni herufi ndogo, namba na vistari tu, isizidi herufi 64, na ifanane na jina la folda, kwa hiyo ukikopi badilisha kote kuwili.

Kwenye description ndo ukae sana, mwisho ni herufi 1024. Ejenti akianza kazi anasoma name na description tu za skili zote, mwili wa faili, yaani maelekezo yaliyo chini ya vile vistari, haufungui mpaka aone ombi lako linaendana na hayo maelezo. Mimi skili yangu ya kikoba niliiandikia "Inasaidia mambo ya vikao", haikuguswa kabisa, nikiomba muhtasari naletewa insha. Nikabadilisha: "Huandika muhtasari wa kikao cha kikoba kutoka kwenye noti za katibu. Tumia mtu akitaja kikao, mahudhurio, hisa, mkopo au marejesho." Akaanza kuichukua mwenyewe. Basi kwenye kiolezo acha sentensi mbili zenye mapengo, inafanya nini na itumike lini. Na angalia nukta pacha (:), ukiiweka katikati ya maelezo bila kufunga yote kwenye alama za kunukuu faili inaweza isisomeke.

Mwilini mimi naweka vichwa vitatu: hatua, mfano wa kazi iliyokamilika, na makatazo. Mfano usiuruke, muhtasari mmoja halisi uliofutwa majina unamfundisha kuliko kurasa za maelekezo. Makatazo yawe ya wazi, la kwangu linasema "Usikadirie hisa ya mtu, kama haipo kwenye noti andika HAIPO", maana hizo ni hela za watu. Mistari isizidi 500, marefu kama katiba ya kikoba yapeleke folda ya references, na hesabu za marejesho ziandikie skripti (programu fupi) kwenye folda ya scripts, usimwachie apige kichwani.

Kwenye Claude Code, ejenti wa Anthropic wa kuandika programu, weka folda ndani ya .claude/skills ya mradi, au ile ya home (folda yako kuu kwenye kompyuta) kama unaitaka kila mahali. Afu fungua mazungumzo mapya, omba kazi kama unavyoomba siku zote bila kutaja skili. Asipoichukua, rudi kwenye description kwanza kabla hujagusa kingine.