Ukiunganisha barua pepe kwenye Thunderbird, chukua IMAP

Mnaoweka barua pepe ya ofisi kwenye Thunderbird, programu ya kusoma na kutuma barua pepe kwenye kompyuta: mkifika pa kuchagua IMAP au POP3, njia mbili za kupokea barua, chukueni IMAP. Hiyo huacha barua kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma, hivyo unazipata kwenye kila kifaa. POP3 hushusha barua kwenye kompyuta hiyo moja, na kwa kawaida huzifuta kwenye seva baada ya siku kadhaa. Mimi niliichagua bila kufikiri. Diski ya laptopu ilipokufa, barua za miaka miwili zikaenda nayo. Kwenye simu, patupu.

Programu ikishindwa kupata mipangilio yenyewe, jaza kwa mkono. Kupokea: IMAP, poti (namba ya mlango wa seva) 993, SSL/TLS (ulinzi wa mawasiliano). Kutuma: SMTP, poti 465 na SSL/TLS, au 587 na STARTTLS (namna nyingine ya kuanzisha ulinzi huo). Hapo kwenye 587 ndipo wengi hukwama: wanabakiza SSL/TLS badala ya kuchagua STARTTLS, barua zinaingia vizuri, kutuma kunagoma, kisha lawama zote kwa intaneti. Jina la mtumiaji mara nyingi ni anwani nzima, pamoja na @ na kinachofuata. Jina la seva muulize anayewahudumia barua pepe, usibahatishe.

Gmail ni rahisi zaidi: dirisha la Google litafunguka, ingia, ruhusu, basi.